Zimamoto wa kaunti jirani kuungana: maswali ambayo watu wa Pwani huuliza kila mara

Ukivuka daraja la Mtwapa ukitokea Shanzu umetoka Mombasa, umeingia Kilifi. Kondakta hakutangazii, na mvuvi aliye chini ya daraja hana habari mstari umepita wapi. Anayepaswa kuujua ni dereva wa gari la zimamoto, maana mshahara wake, mafuta yake na bima ya gari lake vyote vinaishia pale. Kila moto mkubwa ukitokea, watu hurudi kwenye wazo lile lile: mbona hawa jirani wasiwe na kikosi kimoja? Maswali yanayofuata ndiyo yanayoulizwa barazani, kwenye harusi, kwenye foleni ya feri. Mengine yana majibu mafupi. Lile la pesa halina.

Nyumba yangu iko Mtwapa. Ikishika moto, gari linatoka wapi?

Kwa karatasi hiyo ni kazi ya Kilifi. Mji wa Kilifi uko kama kilomita 40 kutoka hapo, ilhali Bamburi na Kisauni ziko ng'ambo tu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini tuseme gari la Kilifi limeegeshwa Mtwapa kwenyewe, na lifike mara moja. Bado swali halijaisha, kwa sababu gari la kwanza si tatizo kubwa kama la pili. Gari la kawaida hubeba lita elfu tatu, nne, pengine tano. Mpira mmoja mkubwa ukimwaga lita 500 kwa dakika, tangi la lita 4,000 limekauka kwa dakika nane. Dakika ya tisa wazimamoto wameshika mpira usio na maji, na watu waliozunguka wameshaanza kuwazomea. Gari la pili lilitakiwa liwe limeshaondoka kituoni wakati lile la kwanza linapiga breki. Hapo ndipo jirani anapohitajika, na hahitajiki baada ya saa moja.

Chumba chenye makochi ya sponji na mapazia ya nailoni kinaweza kulipuka chote kwa mpigo ndani ya dakika tano. Makuti sina haja ya kukueleza.

Kwani sasa hivi hawasaidiani?

Husaidiana, kwa kuombana. Mkuu wa kikosi anampigia mwenzake, mwenzake anatafuta idhini, dereva anatafutwa, wanakwenda. Ni msaada wa ujirani, kama kuazima sufuria. Ukikutana na mtu mwema unapewa, ukimkosa kwenye simu hupewi.

Ngazi ya pili ni msaada wa moja kwa moja. Hapa hakuna kuombana: mkataba umeshasema kwamba simu ikitoka eneo fulani, gari lililo karibu zaidi linaondoka, liwe la nani liwe. Magari yanabaki ya kaunti mbili na wakuu wanabaki wawili, lakini mpaka unafutwa pale ving'ora vinapolia.

Ngazi ya tatu ni kikosi kimoja kabisa, chenye mkuu mmoja, bajeti moja, sare moja na bodi inayosimamiwa na pande zote.

Watu wengi wakisema "waungane" wanawaza ngazi ya tatu. Mimi naona Pwani ingepata sehemu kubwa ya faida kwenye ya pili, kwa gharama ndogo mno. Nitarudia hili tukifika kwenye pesa.

Katiba inaruhusu?

Inaruhusu, na hata inasukuma. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka kuzima moto na kukabili majanga miongoni mwa kazi za kaunti. Kifungu cha 189 kinasema serikali za kaunti zishirikiane katika kutekeleza kazi zao, na kwamba zinaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Neno "mamlaka ya pamoja" limo humo tangu siku ya kwanza. Pia ipo Sheria ya Mahusiano Baina ya Serikali ya 2012.

Mtu akikuambia haiwezekani kwa sababu ya ugatuzi, mwambie asome tena. Kisichoruhusiwa ni gavana kutia saini na kuanza kutumia pesa bila bunge la kaunti kupitisha bajeti. Ukishaungana na jirani, mabunge ni mawili.

Huu ni mji au ni kaunti? Mnachanganya.

Kenya imechanganya yenyewe. Mombasa ni jiji na ni kaunti kwa wakati mmoja, kama Nairobi. Mtwapa ni mji, ila gari la zimamoto ni la kaunti ya Kilifi. Kabla ya 2013 vikosi vilikuwa vya mabaraza ya miji na manispaa. Kaunti zilipoanza zikarithi watu na magari, na mara nyingi madeni pia. Kwa hiyo miji jirani ikitaka kushirikiana, wanaoketi mezani ni kaunti.

Kwa nini tusifanye kama Tanzania, jeshi moja nchi nzima?

Tanzania Bara ilipitia haya haya. Zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri za miji na manispaa, kisha Sheria namba 14 ya 2007 ikaunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Namba yao ni moja, 114, uwe Tanga au Mbeya. Zanzibar wana kikosi chao. Uganda na Rwanda wameiweka zimamoto chini ya polisi.

Uzuri wake ni kwamba cheo, sare na mafunzo ni vya aina moja, na gari la mkoa mmoja likienda mkoa wa pili hakuna anayeuliza nani atalipia dizeli. Ubaya ni kwamba mji ukitaka kituo kipya unasubiri foleni ya taifa zima. Kenya ingelazimika kubadili Jedwali la Nne kufika huko, na sioni magavana wakikubali kunyang'anywa kazi yoyote, hata ile wanayoilalamikia. Kujiunga wawili wawili au watatu watatu ndiyo njia iliyo wazi bila kugusa Katiba.

Kuna mahali wamefanya kweli, au ni hadithi za semina?

Wapo, na mfano ninaoupenda unatoka California, kaunti ya San Mateo, kusini kidogo ya San Francisco. Ni miji iliyobanana kama Changamwe na Miritini: mtu anatoka mmoja na kuingia mwingine bila kuona pengo. Kule kila mji ulikuwa na kikosi chake, mkuu wake, naibu wake, ofisi yake ya mafunzo.

Miji mitatu, San Mateo, Foster City na Belmont, haikukurupuka. Ilianza kwa kushirikiana mkuu mmoja na uongozi wa juu, huku magari na wazimamoto wakiwa bado wa kila mji. Ikaishi hivyo miaka kadhaa ikichunguzana. Januari 2019 ndipo ikazindua kikosi kimoja chini ya mamlaka ya pamoja, kwa sheria ya jimbo inayoruhusu serikali mbili au zaidi kutumia kwa pamoja madaraka ambayo kila moja inayo. Bodi yake ni madiwani kutoka miji hiyo hiyo. Gharama waligawana hivi: San Mateo asilimia 60, Foster City 20, Belmont 20.

Angalia mambo mawili. Mgao ni namba tatu ambazo muuza samaki anaweza kuzikariri. Na kabla ya ndoa kulikuwa na uchumba mrefu. Pia, katika kaunti nzima ile, gari la karibu ndilo linalotumwa bila kujali mpaka wa mji, kwa hiyo wazimamoto walishazoeana motoni kabla ya wanasiasa kuzoeana mezani.

Basi nani atalipa, na kiasi gani?

Hili ndilo swali, na hapa ndipo mazungumzo mengi hufia. Tuchukue Mombasa na Kilifi na tufanye hesabu za kweli.

Ukigawa gharama kwa idadi ya watu, sensa ya 2019 ilihesabu Mombasa watu 1,208,333 na Kilifi 1,453,787. Kilifi italipa karibu asilimia 55. Mtu wa Mombasa atapiga makofi. Mtu wa Malindi atauliza: mimi niliye zaidi ya kilomita mia kutoka Nyali nalipia nini?

Ukigawa kwa ukubwa wa ardhi mambo yanakuwa kichekesho. Mombasa ni kama kilomita za mraba 220, Kilifi ni zaidi ya 12,000. Kilifi italipa karibu yote, ikiwemo kulinda vichaka vya Ganze kwa gari lililokaa Mombasa.

Ukigawa kwa thamani ya majengo, upepo unageuka: Mombasa ina maghala ya Shimanzi, ina ghorofa, ina viwanda vya Changamwe. Ukigawa kwa idadi ya simu zinazopigwa, unamwadhibu anayepiga simu mapema, na mtu mwenye akili ataanza kuwaambia watu wake wasiite gari kwa moto wa jaa la taka. Ukigawa kwa idadi ya vituo, kila upande utataka kituo kijengwe upande wa pili.

Njia ninayoiona mimi ni kutogawa kaunti nzima. Makubaliano yahusu ukanda wa mpakani tu: Shanzu, Mtwapa, Kikambala na jirani zake kwa upande wa kaskazini, barabara kuu ya Nairobi kuanzia Miritini hadi Mazeras na Mariakani kwa magharibi, ambako Kwale nayo inaingia. Hapo hesabu inashikika. Kila upande unaendelea kulipa watu wake na magari yake, na kinachogawanywa ni dizeli ya safari za kuvuka, povu la kuzimia moto wa mafuta lililotumika, mipira iliyochanika na mishahara ya chumba kimoja cha simu. Mwisho wa robo mwaka daftari linafunguliwa, anayedaiwa analipa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lipo jingine linalosahaulika: ada za ukaguzi wa moto. Hoteli, kituo cha petroli na ghala hulipia ukaguzi na cheti. Kikosi kikiungana, pesa hizo ni za nani? Usiposema kwenye mkataba, utakuta kaunti mbili zinakagua hoteli moja wiki moja, na mwenye hoteli analipa mara mbili ili asisumbuliwe.

Mgao ukiwa mbaya, nini hutokea? Si wataurekebisha?

Rudi Belmont. Kabla ya ndoa hii ya watu watatu, Belmont ilikuwa na ndoa nyingine. Mwaka 1979 iliungana na jirani yake San Carlos, wakawa na kikosi kimoja cha Belmont na San Carlos. Kilidumu zaidi ya miaka 30. Watoto walizaliwa wakakua wakiona jina hilo ubavuni mwa gari.

Kisha uchumi ukabana, na miji miwili ikaanza kuulizana nani analipa zaidi ya anachopata. Walijadili mgao upya wakashindwa kuafikiana, na mwaka 2011 kikosi kikavunjwa. San Carlos ikaenda kupanga huduma kwa Redwood City, Belmont ikabaki na kikosi chake. Hakuna aliyesema wazimamoto walikuwa wabaya. Kanuni ya mgao ndiyo iliyowashinda, na katika bodi yenye pande mbili zilizo sawa hakuna kura ya kuvunja mkwamo.

Ndiyo maana nasema mgao usiandikwe kama aya ya tisa baada ya hotuba za undugu. Uandikwe kwanza. Uandikwe pia kwamba utapitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa kwa tarehe inayojulikana, si pale mmoja anapokasirika.

Kaunti kubwa haitaimeza ndogo?

Hofu ya haki. Ila kwanza ujue kwamba msaada hauendi upande mmoja. Tazama Likoni. Likoni ni Mombasa, lakini gari la kisiwani likiitwa huko lazima lipande feri au lizunguke kupitia Dongo Kundu. Kwale wako pale pale Ng'ombeni na Waa, barabara ni kavu. Kwa Likoni, anayeokoa anaweza kuwa Mkwale. Kwa hiyo Mombasa si mfadhili, ni mhitaji kama wengine. Tofauti ni upande gani wa maji umesimama.

Kinga nyingine ni kwenye kura. Bodi ikiwa na viti sawa, mdogo hamezwi lakini mkwamo ni rahisi. Viti vikifuata mchango wa pesa, mkubwa anaamua kila kitu. Wengine huchukua katikati: mambo ya kila siku kwa wingi wa kura, lakini kufunga kituo au kubadili mgao lazima wote waseme ndiyo.

Magari yetu yakienda kwao, huku atabaki nani?

Swali hili linanifurahisha kuliko yote kwa sababu mara nyingi anayeliuliza ni mama wa kawaida, si mhandisi. Jibu la mkataba mbovu ni "Mungu." Jibu la mkataba mzuri ni kujaziana: gari la Kisauni likivuka kwenda Mtwapa, gari la kisiwani linasogea Kisauni kusubiri, hata kama hakuna moto. Na panapokuwa na gari moja tu linalotembea, mkataba useme wazi kwamba gari la mwisho halivuki. Jirani akatae bila kuona haya, na asiitwe mchoyo.

Hapo ndipo utagundua kama kweli kuna magari. Kaunti ikiwa na magari mawili kwenye taarifa na moja liko gereji tangu mwaka jana, kuungana hakutaongeza hata tone la maji. Masikini wawili wakichanga mifuko mitupu wanapata mfuko mtupu mkubwa.

Motoni nani anatoa amri?

Mmoja. Kawaida ni afisa wa mahali moto ulipo. Akichelewa, wa kwanza kufika anashika usukani hadi mwenye eneo afike na kukabidhiwa kwa maneno, redioni, wote wakisikia. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wakati uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliposhika moto tarehe 7 Agosti 2013, walifika wa uwanja, wa kaunti, wanajeshi na makampuni ya binafsi. Kuwa wengi hakukuokoa ukumbi wa abiria wanaowasili.

Amri inahitaji redio zinazosikilizana. Redio koli za kaunti mbili zikiwa kwenye masafa tofauti, makamanda hutumia simu za mkononi, na kwenye moto mkubwa kila mtu yuko hewani anapiga picha na kutuma.

Nitapiga namba gani?

Leo ni 999 au 112, na wengi wetu tuna namba ya mtu tunayemjua. Mkataba wa maana unataka chumba kimoja cha simu, au viwili vinavyoonana kwenye kompyuta magari ya kila upande yako wapi. Bila hicho, "gari la karibu" ni kubahatisha.

Ila msikurupuke kununua mitambo. England ilianza mwaka 2004 mradi wa kufunga vyumba 46 vya kupokea simu za moto na kuweka tisa vya kanda. Teknolojia haikuja kwa wakati, vikosi havikuafiki, na Desemba 2010 mradi ukafutwa. Wakaguzi wa serikali walisema angalau pauni milioni 469 zilipotea, huku majengo mapya ya kanda yakiwa matupu na kodi inalipwa. Daftari, redio moja na mtu mwenye akili tulivu kwenye zamu ya usiku vinaweza kuanza kesho.

Vifaa vyao na vyetu vitaingiliana?

Watu hulicheka swali hili hadi wasikie habari ya Baltimore. Tarehe 7 Februari 1904, katikati ya mji huo wa Marekani paliwaka. Washington ikaombwa msaada, magari yakapakiwa kwenye treni, yakafika upesi ajabu. Wazimamoto wakashuka, wakatoa mipira yao, wakaipeleka kwenye haidranti za Baltimore, yaani mabomba ya mtaani ya maji ya kuzimia moto: haikuingia. Nati zilikuwa za kipimo kingine. Miji mingine nayo ilileta watu, wengi wao mipira haikushika. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea.

Sasa fikiria kaunti zetu: gari hili limenunuliwa Ulaya, lile ni la msaada, hili lilikuwa la baraza la manispaa. Mipira ya mfumo wa Uingereza hufungwa kwa kusukuma. Ile ya Ujerumani, inayoitwa Storz, huzungushwa na pande zake zote mbili zinafanana. Haziingiliani bila kiunganishi cha chuma kinachobebeka mkononi. Kila gari la mpakani libebe viunganishi vya jirani yake. Ni kitu kidogo kuliko posho ya semina moja, na kingekuwa kipimo changu cha kwanza cha kama viongozi wanamaanisha.

Na maji je?

Haidranti kavu haina kaunti. Mtaa ambao bomba linatoka mara mbili kwa wiki hautaokolewa na makubaliano yoyote. Hapo tegemeo ni maboza, na mabwawa ya kuogelea ya hoteli, ambayo mkataba unaweza kuyaorodhesha mapema pamoja na njia ya gari kuyafikia. Bahari ipo, wengine husema. Ipo, lakini chumvi hula pampu isiposafishwa vizuri kwa maji baridi baadaye, na pampu haifiki majini kila mahali.

Bandari na uwanja wa ndege wana zimamoto yao. Wataingia?

Mamlaka ya Bandari ina kikosi, na uwanja wa Moi pia. Wote wako chini ya mashirika ya taifa, si kaunti. Kikosi cha uwanja hakiwezi kuondoka ovyo, kwa sababu kiwango cha ulinzi wa moto kikishuka huenda ndege zikazuiwa kutua. Bado wanapaswa kukaa mezani, hasa kwa sababu ya povu. Moto wa petroli haukubali maji matupu. Kwenye barabara inayotoka Mombasa kuelekea Mariakani malori ya mafuta hayakatiki, na baada ya Sachangwan mwaka 2009, ambako lori la mafuta lilipinduka na moto ukaua watu zaidi ya mia, hakuna anayehitaji kuelezwa lori lililopinduka ni nini. Akiba ya povu ni ghali na huharibika ikikaa sana. Ni bidhaa ya kuchangia kuliko zote.

Wazimamoto wenyewe watapoteza kazi?

Kwa msaada wa moja kwa moja, hapana, hakuna kinachobadilika isipokuwa ramani. Kwa kikosi kimoja, ugumu ni kwamba kila kaunti ina bodi yake ya utumishi, ngazi zake na posho zake. Watu wawili wanashika mpira mmoja, mmoja analipwa zaidi. Hilo halidumu, na dawa yake kwa kawaida ni kumpandisha wa chini, kwa hiyo muungano hugharimu zaidi mwanzoni. Anayeahidi akiba mwaka wa kwanza anadanganya au hajapiga hesabu.

Na mzimamoto wa Kwale akiumia Likoni? Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya 2007, inamtazama mwajiri. Mkataba useme hivyo: kila mmoja anabaki wa mwajiri wake hata akivuka, na bima inamfuata.

Nitatozwa nikiitiwa gari la kaunti nyingine?

Mkataba useme hapana. Ukikuta haujasema, uliza.

Itachukua muda gani?

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kisichoingia kwenye bajeti ya mwaka huo kinangoja mwingine, na hata kilichoingia hungoja mgao kutoka Nairobi. Msaada wa moja kwa moja kwenye ukanda mmoja, kwa magari yaliyopo, unaweza kuanza ndani ya mwaka. Kikosi kamili ni kazi ya miaka, na uchaguzi ukiingia katikati, gavana mpya atataka kuusoma upya. Jumuiya ya Kaunti za Pwani, inayokusanya Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, ingekuwa mahali pa kuanzia mazungumzo, ingawa binafsi naona sita ni wengi mno kwa jambo hili. Lamu na Taita Taveta hawatazimiana moto.

Kwenye kikao cha kushirikisha umma niulize nini?

Usiulize kama ushirikiano ni mzuri, utajibiwa kwa hotuba. Uliza: magari mangapi yanawaka leo asubuhi, kila upande? Nani ataamua saa nane za usiku bila kumpigia mkubwa? Daftari la gharama litabandikwa wapi? Na ulizia nakala ya ramani, uone mtaa wako umepakwa rangi ya kituo gani.

Mmoja akitaka kutoka?

Atoke, kwa notisi ndefu, mwaka mmoja au zaidi, ili anayebaki apate muda wa kununua gari na kuajiri. Mali iandikwe tangu mwanzo: gari lililoletwa linarudi kwa aliyelileta, lililonunuliwa pamoja linathaminiwa na kulipwa nusu. Ukiacha hilo wazi, siku ya talaka magari yataegeshwa kwenye uwanja wa mahakama huku nyumba zikiungua.

Kutoka si lazima iwe mwisho. Belmont iliachana na San Carlos mwaka 2011, ikakaa peke yake kwa muda, ikaona gharama ya kumlipa mkuu, naibu na mwalimu wa mafunzo kwa mji mdogo kama ule. Ikaanza kuchukua uongozi kwa pamoja na jirani wa upande wa pili, na miaka minane baada ya talaka ikawa na saini yake kwenye mkataba mpya, safari hii ikijua inalipa asilimia ngapi.